Mnong'ono Uliopiga Kelele

Binamu yangu alipokuja studio hakujua hata swichi ya feni ilipo. Mimi ndiye nilimwonyesha. Leo Bosi anamwita "Masikio ya Dhahabu". Mimi ananiita "wewe".

Basi tukapata filamu yetu ya kwanza. Bosi akatupatia kipande kimoja, kila mtu achanganye sauti kivyake: mama anamnong'oneza mwanawe kwaheri, nje mvua na radi. Toleo la ukumbi wa sinema, kisha la simu. Atakayeng'ara ukumbini anapewa filamu nzima. Roho ikaniuma kabla hata hatujaanza.

Mlango wa Binamu ulikuwa nusu wazi, nikachungulia. Jamaa ameshusha volyumu mpaka kiti chake kinasikika kuliko spika! Nikajisemea, kumbe siri yenyewe ndiyo hii.

Nikarudi kwenye mitambo yangu, nikaishusha volyumu kuliko yeye. Mama hasikiki? Nikampandisha. Radi nyepesi? Nikaiongezea besi. Nikaiongezea tena. Nilipomaliza nilijipigia makofi, taratibu, asije akasikia.

Kesho yake asubuhi tukaingia ukumbini, kwenye spika ndefu kuliko mimi. Yangu ikatangulia. Mama akanong'ona kama dalali mnadani. Radi ilipopiga, Bosi alikumbatia kiti cha mbele.

"Huyu mama anaaga au anafukuza mwizi?"

Ikaja ya Binamu. Mnong'ono mwembamba, mvua kwa mbali. Bosi akavua miwani, akafuta macho. Nikatamani umeme ukatike.

"Lakini alichanganya kwa volyumu ya chini!" nikaropoka. "Nilimwona!"

"Ile ilikuwa ya simu, kaka," Binamu akasema. "Ya ukumbini niliimaliza ulipokwenda kula, spika zikiwa juu kama za hapa. Ukisikiliza chini sana, sikio halipati besi, unajikuta unaijaza tu. Si ungeniuliza?"

Nimuulize! Mimi! Yeye!

Bosi akampa filamu palepale.

"Nitamhitaji kaka," Binamu akasema. "Bila yeye sitamaliza."

Angenicheka, ningemchukia kwa raha zangu. Sasa hata hilo kaninyima.

"Asante, mdogo wangu," nikasema. Neno lilitoka kwa shida, kama jino.

"Nianze na kipande gani?" nikamuuliza.