Vipande Viwili Chini ya Springi

Jumapili ya tarehe kumi na saba Juni, mwaka 1984, saa nane na dakika ishirini mchana, Nesta Tranter, katika mashindano ya magari ya kupanda mlima, aligonga mti wa mwaloni kwenye kona ya tatu ya mlima wa Harcott, na mti haukudondosha hata jani. Gari lilifika ubavu mbele, upande wa dereva. Mabomba ya fremu, ambayo mumewe aliyachomelea mwenyewe moja baada ya jingine, yalikunjika yakamkumbatia kifuani, na kishindo kikasikika mpaka mstari wa kuanzia, kama mtu aliyeangusha sanduku la spana kutoka ghorofani. Kisha kipaza sauti kikasema, kwa sauti laini ya watu waliosoma shule za bweni: "Mabibi na mabwana, tunaomba subira kidogo."

Clem Tranter hakuwa na subira. Alipanda mlima mbio na kilo zake mia na tano, kitambaa cha kufutia tairi bado kimo mkononi. Kijana mwenye bendera alimkinga njiani akisema, "Mzee, usiende, usiende." Clem alimpiga kichwa cha uso, akamruka.

Helmeti ya Nesta ilikuwa nzima. Hilo ndilo lililomkaa kichwani miezi yote iliyofuata: helmeti nzima, inang'aa, na chini yake hakuna kitu kilichokuwa mahali pake. Alishika bomba lililompita mkewe ubavuni akalivuta mpaka viganja vikachanika. Bomba halikutoka. Alikuwa ameliunganisha vizuri mno.

Msimamizi mkuu wa ukaguzi wa magari alifika na ubao wake wa karatasi kwapani. Meja Lascombe, mstaafu, mwembamba kama ufito, kofia ya sufu ya tweed, masharubu yaliyochanwa.

"Tranter," alisema. Kuitwa "Bwana" kulikuwa kwa wenye magari ya kununua. "Ondoka hapo. Gari haliguswi mpaka lipimwe."

Ilichukua watu wanne kumtoa Clem juu yake. Mpaka wanafanikiwa, pua ya Meja ilikuwa imehamia shavuni, na ubao wa karatasi ulikuwa vipande viwili kwenye majani.

Nesta alizikwa Alhamisi. Clem alimzika akiwa katikati ya askari wawili, kisha wakamrudisha ndani akamalize wiki sita zake. Aliyevunja pua alifungwa. Aliyeua alitumiwa maua na chama cha mashindano.

*

Gari lenyewe lilizaliwa kwenye gereji nyuma ya nyumba yao, Cradley, majira ya baridi mawili mfululizo. Clem aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne, akaingia kiwanda cha mabomba, na hesabu zake zote zilikuwa za futi, kamba na jicho. Sehemu ya nyuma ya gari aliichora kwa chaki sakafuni, ukubwa wake kamili. Alikata mikono ya ekseli kwa kadibodi, akaipigilia misumari penye bolti, akawa anapandisha gurudumu la kadibodi inchi moja moja huku Nesta amepiga magoti na penseli, anaweka alama lilikoelekea.

Mikono ya chuma ilikuwa minne, miwili kila upande, mbele imefungwa kwenye chasisi, nyuma kwenye ekseli. Ikilala sawa, gurudumu hupanda na kushuka bila kusogea. Lakini gari likikaa juu kupita kiasi, mikono huinama kuelekea nyuma. Hapo gari linapolala kwenye kona, gurudumu la nje husukumwa nyuma, la ndani huvutwa mbele, na ekseli nzima hugeuka. Dereva anakuwa na usukani wa pili mgongoni, ambao hajaushika yeye wala mtu mwingine.

Clem aliyajua hayo bila kitabu. Ndiyo maana alitoboa matundu matatu kwenye chasisi kwa kila mkono: gari likiinuliwa, unashusha mkono tundu moja, mambo yanarudi sawa. Kazi ya robo saa.

Gari tupu lilikuwa na kilo mia nne na thelathini, kwa hiyo uzito wa dereva haukuwa jambo dogo. Watu wote wanaojenga magari ya namna ile huweka magunia ya mchanga kwenye kiti kabla ya kupima. Clem aliweka magunia ya kilo mia na tano, uzito wake.

"Na la kwangu liko wapi?" Nesta aliuliza. Yeye alikuwa na hamsini, pamoja na viatu.

"Wewe utaweka mto."

"Mto nauweka ili nione barabara, we mzee. Naulizia gunia."

"Kwanza nilipate la kwangu. Lako tutalifanya."

Hawakulifanya. Walikuwa wanatumia gari moja, kama mke na mume wengi wa pale mlimani: anapanda mume, anashuka, anapanda mke. Na Nesta, binti wa mchimba makaa kutoka Tredegar, alikuwa anampita mumewe kwa sekunde mbili kila wiki, na kijiji kizima cha magari kinajua.

Asubuhi ya Jumapili ile jirani yao Ivor, mwenye gari jekundu lisilowaka, aliwapokea na kikombe cha chai mkononi.

"Clem! Leo ukishindwa tena nasikia unavaa aproni."

"Anaivaa tangu Pasaka," Nesta alisema. "Inambana tumboni, ndiyo maana haendi kasi."

"Sogeeni huko," Clem alisema, lakini alikuwa anacheka. Ndiyo mara yake ya mwisho kucheka, na hakujua kuiangalia.

Kisha ukaguzi. Mwaka ule wakubwa wa chama walikuwa wametunga sheria mpya wakiwa mezani: kipande cha mbao cha inchi tatu lazima kipite chini ya gari, dereva akiwa ndani. Clem akakaa. Mbao ikakwama.

"Mpime mke wangu," Clem alisema. "Akikaa yeye inapita."

"Gari moja, kipimo kimoja," Meja alisema. "Anapimwa aliye mzito."

"Basi nitaweka vipande chini ya springi, nitainua. Ila nipe robo saa nishushe na mikono."

"Dakika tano. Nyuma yako kuna watu ishirini."

"Meja, ukiinua gari bila kushusha mikono, nyuma inakuwa..."

"Tranter, sikuja kufundishwa uhandisi. Dakika tano, au pakia gari lako uende nyumbani."

Nesta alimshika Clem kiwiko. "Weka vipande, Clem. Tutashusha mikono wakati wa chakula."

Clem aliweka vipande viwili vya alumini, unene wa inchi moja na robo. Mbao ikapita. Na hapo Meja akafanya jambo ambalo Clem hakulitarajia: akatoa kikopo cha rangi ya njano na brashi, akapaka kila nati ya springi na ya mikono. Alama ya kupita. Nati ikiguswa, rangi ikipasuka, gari linatolewa.

"Na wakati wa chakula?" Clem aliuliza.

"Wakati wa chakula unakula," alisema Meja, akaita namba inayofuata.

Clem alipanda kwanza. Nyuma ilicheza kidogo kona ya tatu, ikatulia. Alishuka akamwambia mkewe, "Inachezacheza, lakini inashikika." Walikula mkate na nyama ya kopo wamekaa kwenye majani. Saa nane na robo Nesta akafunga mikanda, kombe la wanawake likiwa umbali wa nusu sekunde.

*

Kikao cha kuchunguza kifo kilikaa Septemba. Waliweka mhandisi mwenye tai, aliyesema mpangilio wa nyuma wa gari ulikuwa "kazi ya mtu mwenye bidii lakini asiye na elimu." Mtu fulani nyuma alikohoa kicheko. Meja, na pua yake mpya iliyopinda, alisema sheria zilifuatwa. Clem aliposimama kueleza habari ya vipande na rangi, mwenyekiti akamwambia ajibu alichoulizwa. Alikuwa ameulizwa jina lake.

Uamuzi: ajali. Wao hawana neno jingine kwa mambo wanayoyafanya wao.

Ila Clem hakutoka mle mikono mitupu. Meja aliposimama kula kiapo, koti lilimning'inia kama liko kwenye msumari, na Clem alimpima kwa jicho lile lile alilopimia mabomba miaka thelathini. Kilo hamsini, pamoja na viatu.

Polisi walikwisha kumrudishia gari. Upande wa dereva ulikuwa chuma chakavu, lakini mti haukuifikia nyuma: ekseli nzima, mikono minne, vipande viwili, rangi ya njano bado inang'aa kwenye kila nati. Alikata fremu iliyokufa, akachomelea nyingine. Alisugua kiti kwa brashi ya waya. Kuna madoa ambayo hayakutoka, akayaacha. Nati za njano hakuzigusa.

Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Oktoba, saa nne asubuhi, alimkuta Meja bustanini kwake anapunguza mawaridi.

"Tranter," Meja alisema, akanyoosha mkasi wa bustani mbele yake. "Ondoka kwangu."

Mkasi ulimchoma Clem kwenye msuli wa mkono. Alimwacha auchomeke, ili awe karibu, kisha akampiga ngumi moja ya tumbo na moja ya sikio, akambeba begani kama gunia, akamtupa nyuma ya gari la kazi kati ya mitungi ya gesi. Jirani mmoja alichungulia juu ya ua, akarudisha kichwa.

Kwenye gereji alimtoa kwa ukosi. Meja alijaribu kusimama kiaskari. Clem akampiga kofi la mgongo wa mkono, jino likaruka likagonga kopo la misumari. Akamwinua, akamkalisha kwenye kiti cha Nesta, akavuta mikanda mpaka mtu yule akakosa pumzi.

"Utaniua?" Meja aliuliza.

"Kaa tu. Una uzito unaofaa."

Gari lilikuwa limekaa kwenye magurudumu yake, juu ya ile sakafu yenye alama za chaki ambazo hazikufutika zote. Clem alilala chini na taa, akaweka pimamaji juu ya mkono wa kulia wa ekseli. Kiputo kilikimbilia mwisho wa kioo, kikaganda pale. Akachukua kioo cha kunyolea, akakielekeza ili Meja aone bila kushuka.

"Unakiona kiputo?"

"Nakiona."

"Mimi nikikaa hapo kinakaribia kati. Akikaa mwenye kilo hamsini kinakimbia. Ulimwinua mke wangu juu ya mikono iliyoinama, ukapaka rangi ili nisiweze kumshusha. Sema."

Meja aligeuza uso kutoka kwenye kioo. Clem aliokota nyundo ya kilo mbili akaishusha kwenye ukingo wa mlango wa gari, ambapo vidole vya Meja vilikuwa vimeshika. Viwili vilivunjika. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama tawi kavu, na ukelele uliofuata ulizima redio ya jirani.

"Sema, Meja!"

"Niliagiza vipande!" Meja alipiga kelele, damu inachuruzika kwenye masharubu. "Niliagiza, ndiyo. Nilikunyima robo saa. Nilipaka rangi. Sheria ile niliiandika mimi mwenyewe, na sikuwaza kwamba mtu mwepesi angepanda baada ya mzito. Niandikie, nitatia sahihi kwa mkono wa kushoto."

Clem alisimama na nyundo yake. Miezi minne alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayekana. Alikuwa na maneno ya kutosha kwa mtu anayekana, na mapigo ya kutosha. Kwa huyu hakuwa na kitu. Damu yake mwenyewe ilikuwa inadondoka kutoka kwenye mkono, inaingia kwenye mistari ya chaki.

Meja alivuta pumzi kadhaa fupi chini ya mikanda. Alitazama kile kioo cha kunyolea, bado kimeegemea gurudumu, kiputo bado kimo ndani yake. Aliponena tena hakupiga kelele.

"Nilikuwa kwenye mstari wa kuanzia, Tranter. Hatua tatu kutoka kwako. Mkeo alikuwa ameshakaa, ameshafunga mikanda. Wewe ulikuwa umepiga magoti nyuma, upande huu huu, unafuta majani kwenye tairi."

"Funga mdomo."

"Ulifuta muda mrefu. Kijana wa bendera alikuambia toka mara mbili."

"Nimesema funga mdomo!"

Nyundo ilikuwa juu ya bega. Clem aliitazama nati ya njano, na mkono wa chuma ulioinama, ambao siku ile ulikuwa mbele ya pua yake, karibu kuliko sahani ya chakula.

"Mimi nina yangu, na nimeyasema," alisema Meja. "Lakini wewe ulijua kusoma mkono ule bila pimamaji. Ulipokuwa umepiga magoti pale, Tranter, uliona?"