Picha ya Guku Kabla ya Sabato

Kama umewahi kuja Soweto West, hapa Nairobi, kuchukua bibi harusi wa Kimaragoli, basi tumeonana, na pengine hukunipenda. Mimi ndiye Senje Trizah. Senje ni dada ya baba, na siku ya harusi senje ndiye mwenye geti. Watu wa bwana harusi wakija asubuhi kumchukua msichana wetu wanakuta tumefunga, tunaimba ndani, na hawaingii mpaka waimbe kutushinda na watoe kitu cha heshima. Senje wengine hufungua baada ya nusu saa. Mimi niliwahi kumfanya mzee wa kanisa apige magoti kwenye matope akiwa na suti ya kukodi, na kwa miaka mingi nilijisifu kwa hilo.

Geti ambalo sijisifu nalo ni la Bridgit, binti wa kwanza wa kaka yangu Phanuel. Miaka mitano iliyopita niliwazuia wakwe zake saa tatu nzima, kwa sababu siku hiyo sauti yangu ilikuwa imekubali na watu walikuwa wananishangilia. Tukachelewa kanisani, chakula kikachelewa, na tulipopanga mstari wa picha giza lilikuwa limeingia. Katika picha ya familia Phanuel ni suti, tai na meno tu. Uso haupo. Mwaka uliofuata aliugua wiki mbili akafa, na kwenye mazishi tukakuza picha ya kitambulisho, ile anamoonekana kama mtu aliyekamatwa. Iko ukutani kwangu. Kila nikiipangusa vumbi nakumbuka geti, na najichukia.

Kwa hiyo Mercyline, binti wa mwisho wa Phanuel, aliponiambia anaolewa na Musau, fundi wa kuchomelea vyuma huko Kawangware, nilimuuliza anataka nini kutoka kwangu. Hakuzunguka.

"Senje, gari si lazima. Keki hata ikiwa moja ni sawa. Mimi nataka picha na Guku. Picha poa, si zile za giza."

Guku ni nyanya. Huyu ni Guku Kageha, mama yangu mzazi, anayeishi Vihiga, na miaka yake ni themanini na kitu. Phanuel alichukua uso wake wote: paji, mashavu, hata mwanya wa meno. Nilimwahidi Mercyline papo hapo. Nikasema nitapata mpiga picha hata kama itabidi nimlete amefungwa kamba.

Ilikuwa Septemba, harusi ni Desemba, na Desemba Nairobi nzima inaoa. Wapiga picha wazuri walikuwa wameshikwa tangu Juni. Wa kwanza niliyempigia simu alicheka, si kwa ubaya, lakini alicheka. Wa pili, kijana anaitwa Maurice, alikuwa na nafasi, na nilipoona kazi yake nikajua kwa nini. Watu wote kwenye picha walikuwa weupe kana kwamba wamemwagiwa unga wa ugali. Nikamuuliza kama hao ni Waluhya kama sisi.

"Hiyo ni filta, mathe. Watu hupenda hivyo."

Wa tatu alisema yeye hawezi lakini atatuma kaka yake, na nilipouliza kaka yake amepiga harusi ngapi, simu ikakatika. Mwishowe ni Wamucii, jirani yangu anayesuka nywele, aliyenionea huruma.

"Si uende kwa Jeconia, yule wa Kawangware, pale steji ya 46," akasema. "Huyo anakutoa vile uko."

Studio yake iko juu ya duka la dawa. Ukutani palikuwa na picha ya mama mmoja mweusi tii, mweusi kama mimi, amesimama kwenye jua, na uliweza kuona kila kitu usoni mwake: alikolala vibaya, alikocheka sana, alama ya ndui. Nilisimama mbele ya yule mama nisiyemjua nikasikia machozi yakinijia. Hivyo ndivyo Phanuel angeweza kuonekana.

Jeconia Obonyo ni mtu mwembamba, wa miaka hamsini hivi, asiye na haraka. Alifungua daftari lake kubwa. Jumapili zote zilikuwa na jina la mtu mpaka Aprili. Jumamosi zote zilikuwa tupu.

"Si hizi ziko wazi?" nikamwonyesha.

"Hizo ni za Mungu, mama. Mimi ni Msabato. Ijumaa jua likizama, sishiki kamera mpaka Jumamosi lizame tena."

Sasa, harusi zetu ni Jumamosi. Zimekuwa Jumamosi tangu nizaliwe. Nilimweleza hivyo kwa kirefu, na kwa sauti, naye akaningoja nimalize kama mtu anayengoja mvua ipite. Kisha akageuza ukurasa.

"Niko na siku moja. Ijumaa, tarehe kumi na mbili. Ni Jamhuri, watu hawaendi kazi. Lakini jua likizama kamera iko kwa begi, hata kama bibi harusi ndio anakata keki."

"Hiyo ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika ishirini na saba. Na nikwambie ukweli, mimi huogopa harusi zenu juu ya hiyo maneno ya geti. Nasikia kuna mama hapo Soweto West aliweka watu nje masaa tatu."

"Ni mimi," nikasema.

Halafu akaliandika jina la Mercyline kwa penseli, ilhali majina mengine yote yalikuwa kwa wino.

Kamati ya harusi ilinishukia. Aliyenipinga zaidi ni Nzembi, shangazi wa Musau, mwanamke mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, ambaye kwa upande wao ndiye wa kuvunja mageti. "Harusi ya Ijumaa?" akauliza mbele ya wazee. "Kwani msichana ako na haraka gani?" Nikamwambia haraka ni yangu, si ya msichana, na asubiri tuonane getini.

Nzembi alisubiri. Ijumaa hiyo saa mbili asubuhi alifika kwenye plot yetu na wanawake ishirini, filimbi, ngoma, kreti nne za soda na leso mpya za kututuliza, zote zikiwa kwenye buti la gari. Baadaye nilisikia alikuwa amekunywa maji ya tangawizi siku tatu kulainisha koo. Akaimba ubeti wa kwanza. Ulikuwa ubeti mzuri, na mwili wangu wote ulitaka kumjibu. Nikafungua geti.

Ngoma ikanyamaza yenyewe.

"Unafungua?" Nzembi akauliza.

"Karibuni."

"Hii ni mtego."

"Hakuna mtego, dada. Ingieni mchukue mtoto."

Waliingia polepole, wakiangalia huku na huku kama wageni wa nyumba yenye mbwa. Leso na soda zilibaki kwenye buti kwa kuwa hakuna aliyeziitisha. Nyuma yangu wanawake wetu walikuwa wakitazamana. Mmoja alinong'ona kwamba Senje Trizah amezeeka. Niliumia, sitaficha. Bridgit peke yake ndiye aliyenishika mkono akaufinya.

Tulifika kanisani Kawangware mapema hata tukamkuta mchungaji akifunga vifungo. Saa tano walikuwa mume na mke. Saa nane watu walikuwa wameshiba, kwenye uwanja wa shule moja ya Riruta, na Jeconia alikuwa akifanya kazi yake taratibu, akimgeuza kila mtu kidogo kuelekea mwanga, akingoja, akibonyeza. Marafiki, wakwe, wanakwaya, wote alimaliza. Hakuna harusi ya kwetu iliyowahi kwenda hivyo. Ilikuwa imebaki picha moja tu, na mwenye picha hakuwepo.

Gari la kumleta Guku kutoka Vihiga lilipaswa kufika Alhamisi jioni. Lakini watu wetu walikuwa wakimngoja mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho alikuwa akingoja kuku wa zawadi akamatwe, na kuku alikuwa amelala kwenye mti wa jirani. Wakatoka Ijumaa alfajiri. Niliwapigia simu wakiwa Nakuru, nikawapigia wakiwa Naivasha, nikawapigia wakiwa wamekwama kwenye foleni ya sikukuu huko Limuru, mpaka dereva akaacha kushika. Mercyline alikaa kwenye kiti chake cha bibi harusi akitazama barabara.

Saa kumi na moja na dakika arobaini gari likaingia uwanjani. Nilikimbia viatu mkononi. Guku alikuwa dirishani na kitambaa chake cha kijani kichwani, mzima, hajachoka hata.

"Mama, shuka haraka, picha," nikamwambia kwa Kimaragoli.

"Geti lilikuwaje?" akauliza.

"Hatukufunga. Tulikuwa tunakimbiza jua."

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa na miaka minane nimevunja chungu. "Mjukuu wangu ametolewa nyumbani bila geti? Kama debe la maji? Mimi nimekaa kwenye gari siku nzima nije niimbe, sasa unaniletea habari ya picha. Sishuki."

Akafunga dirisha.

Nilijua mama yangu hashuki. Jeconia aliangalia juu ya mapaa, akaangalia saa. "Dakika arobaini na tano, mama," akasema kwa upole. Mercyline alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imeshika shela. Nikageuka nikaona geti la shule. Lilikuwa geti la vyuma vyembamba, unaona mtu wa upande wa pili uso mzima, na linatazama magharibi. Jua lilikuwa limelala barabarani mbele yake.

Nikamtafuta Nzembi. Alikuwa akila keki.

"Zile soda bado ziko kwa gari?"

Alielewa kabla sijamaliza. Akaweka sahani chini, akalamba sukari vidoleni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Nilijua tu ni mtego," akasema.

Tuliwatoa watu wote wa Musau barabarani, bwana harusi na suti yake akiwa mbele. Nikafunga geti kwa mnyororo. Aliposikia mnyororo, Guku alifungua mlango wa gari mwenyewe, akaja mpaka kwenye vyuma, akamshika Mercyline kiunoni kwa mkono mmoja na geti kwa mkono mwingine.

Nzembi akapiga filimbi, na ile sauti niliyoizima asubuhi ikatoka yote. Aliimba Kikamba, tukamjibu Kimaragoli, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Boda boda zilisimama. Watu wakatoka madukani. Nzembi alipiga magoti kwenye lami na leso kichwani, akaipitisha katikati ya vyuma. Guku akaishika, akaipima kwa vidole, akairudisha. Wanawake wetu walipiga vigelegele mpaka nikaona wamenisamehe. Ya pili akaikubali. Kisha akadai bwana harusi aimbe mwenyewe.

Musau hajui kuimba. Anajua kuchomelea. Alishika vyuma kwa mikono miwili akaimba ubeti mmoja vibaya kiasi kwamba hata Nzembi alifunika uso, na Guku akacheka. Alicheka kwa mdomo wote, kichwa nyuma, mwanya nje, na Mercyline akamwangukia begani akicheka pia. Jeconia alikuwa amepiga magoti nje kwenye vumbi, jua likiwa mgongoni mwake na likiwapiga wao usoni. Hakumwambia mtu yeyote atabasamu. Nilisikia kamera yake ikilia mara nyingi, na nikaendelea kuimba huku machozi yakinitiririka, kwa sababu nilijua tumeipata.

"Fungua," Guku akaniambia.

Nikafungua. Musau akaingia, Guku akamshika mikono, Jeconia akabonyeza mara ya mwisho. Kisha nikasikia zipu ya begi. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano.

"Sabato njema, mama," akasema, akajipangusa vumbi magotini, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Wiki iliyofuata nilienda 46 kuchukua picha. Ilikuwa imekuzwa na kuwekwa fremu. Jeconia hakuisifu. Alifungua tu daftari lake akaniuliza ni lini tena tunaoza binti siku ya Ijumaa, maana watu wawili walikuwa wameshafika wakitaka picha za geti. Safari hii alikuwa ameshika kalamu ya wino.

Guku alikuwa bado kwangu. Nilimwekea fremu mapajani. Hakujiangalia sana, wala nguo, wala bibi harusi. Aliweka kidole kwenye mwanya wa meno yake mwenyewe, pale kwenye kioo cha fremu, akakiacha hapo.

"Phanuel," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akainua macho ukutani, kwenye ile picha ya kitambulisho. "Toa hiyo. Huyo si mtoto wangu, mtoto wangu alikuwa anacheka."

Nikapanda kwenye kiti, nikaitoa, nikaitundika ya geti kwenye msumari uleule.