Mawaridi Yaliyogeukia Kushoto

Mwanamume asiyejua hata kumenya chungwa akirudi nyumbani vidole vinanukia tikiti maji, mkewe ana haki ya kuuliza. Mimi sikuuliza. Nikinusa jambo najifanya hamnazo, naendelea kukoroga chai yangu huku nahesabu. Mtaani wananiita Darubini, na jina hilo sijawahi kulikataa.

Mume wangu ni fundi saa. Ana kimeza chake pale kona, mbele ya duka la vitambaa, na kwa kuwa siku hizi kila mtu anatazama saa kwenye simu, mara nyingi anakaa tu kutazama wapita njia. Ndiyo maana yeye ndiye anayenipelekea kazi zangu ukumbini. Mimi nachonga matunda ya sherehe: tikiti linalofunguka likawa mawaridi, njiwa wa papai, kikapu cha tikiti chenye mpini wake. Arusi, mahafali, siku za kuzaliwa, wazee wanaotimiza miaka hamsini ya ndoa, wote wananijua. Mwaka wa kumi na tisa huu nakishika kile kisu chembamba, na nisiwe mnafiki, watu hupiga picha na matunda yangu kabla hawajapiga na bibi arusi.

Basi kila Jumamosi asubuhi namaliza kazi, naifunika kwa kitambaa chenye unyevu, naye anaipakia kwenye pikapu yetu kuukuu. Kabla hajaondoka ananibusu kwenye paji la uso na kusema maneno yale yale: "Pumzika sasa, bibie, umeua." Kufika ukumbini ni dakika kumi. Kushusha mzigo ni dakika tano. Zamani alikuwa anarudi chai haijapoa. Lakini tangu kama miezi minne hivi iliyopita, akawa anarudi baada ya saa mbili, tatu. Akifika anasingizia foleni. Foleni ya Jumamosi asubuhi, kwenye barabara ambayo kuku wanalala katikati!

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni wema wake. Mume wangu ni mwema siku zote, ila sasa alikuwa amepitiliza. Chai ananiletea kitandani. Masinia anaosha yeye. Ujumbe wa wateja ananisomea yeye, maana mikono yangu haikauki, na isitoshe simu za siku hizi wanazijaza maandishi ya kusomwa na sisimizi. Kuna ujumbe mmoja nilimtaka anirudie mara tatu, wa binti aliyemfanyia mama yake sherehe: "Fundi, mama alipoyaona matunda yako alilia." Alinisomea mara tatu, kila mara akiyatazama maandishi na si mimi. Hilo nalo nililiweka akibani.

Siku ya Jumanne nilikwenda saluni kwa mdogo wangu. Alikuwa amealikwa kwenye arusi ya wiki iliyopita, nikamwomba picha. Akazirusha kwenye televisheni yake kubwa ya ukutani. Bibi arusi akapita, bwana arusi akapita, wajomba wakapita na matumbo yao. Kisha likaja tikiti langu.

"Hapo hapo!" nikamwambia. "Usiguse."

Nilijua kuna kitu, ila kwanza sikujua ni nini. Yalikuwa mawaridi matano na tumba moja lenye mdomo uliopinda, mchoro wangu mwenyewe, ambao sijamfundisha mtu. Nikayakodolea macho. Mimi natumia mkono wa kulia, na kisu changu kinaingia kutokea kulia. Kila petali yangu inalala kulia na kuifunika jirani yake. Hata nikichonga nimefumba macho, itakuwa hivyo. Mawaridi ya kwenye picha yalikuwa yamelala kushoto, yote matano.

"Labda picha imegeuka," mdogo wangu akasema.

Nyuma ya meza palikuwa na kitambaa chenye majina ya maharusi. Kilisomeka sawasawa, herufi kwa herufi. Picha haikugeuka.

"Hii si kazi yangu," nikasema. "Hii kazi ya mtu wa mkono wa kushoto. Na michoro yangu iko kwenye droo, chumbani kwangu."

Mdogo wangu akaweka kitana chini. Mteja aliyekuwa anasukwa akasogeza sikio.

"Dada," akasema polepole, "chumbani kwako anaingia nani mwingine?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Na mwenye mkono wa kushoto nilimjua pia. Mpishi mkuu wa ule ukumbi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, nilishamwona kwa macho yangu akikata vitunguu kwa mkono wa kushoto, kwa kasi ya cherehani. Nikaunganisha moja na moja. Mume wangu anatoa michoro yangu, anampelekea yule mwanamke, yule mwanamke anachonga, na kazi yangu inatupwa huko. Kisha anakuja kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: chai kitandani, pumzika bibie, umeua. Nilikuwa na vitu viwili tu nilivyoviringia duniani, mume wangu na mkono wangu, na niliona kimoja kinagawa kingine. Nililia palepale kwenye kiti cha saluni. Sikuona haya.

Jumamosi ilipofika nilikuwa na kazi ya wazee wa miaka hamsini ya ndoa. Nilichonga kwa hasira. Kisu hakikuwa kikali, kama kawaida ya siku hizi, na taa ya jikoni ilikuwa hafifu ingawa nilishabadilisha balbu mara mbili. Mume wangu alikaa mbele yangu na kikombe chake, akitazama vidole vyangu.

"Unatazama nini?" nikamuuliza.

"Nakutazama wewe."

"Leo ndiyo mara ya kwanza kuniona?"

Akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika popote. Akapakia, akanibusu, akasema umeua. Pikapu ilipokata kona nilivua aproni, nikahesabu saa moja na nusu ili nimfumanie katikati ya shughuli, kisha nikakodi pikipiki, nikamwambia dereva aniache nyuma ya ukumbi, kwenye uzio.

Jiko la ukumbi lina dirisha pana linalotazama uani. Nilisimama nyuma ya matangi ya maji, hatua kama thelathini, na kwa umbali huo sikosi kitu. Niliwaona. Mpishi amesimama na kikombe mkononi, anacheka kile kicheko chake. Mume wangu amekalia kreti ya soda, amenipa mgongo, ameinama. Kisha yule mwanamke akachukua kitambaa kilichokuwa begani kwake, akamfuta mume wangu jasho la uso. Taratibu, kama mtu anayefuta mtoto.

Damu ikanichemka. Sikumbuki nilivyouvuka ule ua. Nakumbuka tu kwamba mlango wa jiko ulikuwa umeegeshwa, nami nikausukuma kwa mguu.

"Mshike vizuri basi!" nikasema. "Mbona unamfuta jasho tu? Mfute na machozi, maana leo yatamtoka!"

Mpishi akaganda na kitambaa chake. Mume wangu akageuka, na hapo ndipo nilipoona kilicho katikati ya magoti yake. Tikiti. Mawaridi matatu yamekamilika, la nne nusu. Kisu chembamba kilikuwa mkononi mwake. Mkono wa kushoto.

Mume wangu ni mashoto. Miaka kumi na minne mezani nakaa kulia kwake ili viwiko visigongane. Miaka kumi na minne! Nilimtafuta mwenye mkono wa kushoto katika majiko ya watu, na wangu nalala naye. Ila mtu anayemenya chungwa kwa meno ungemfikiriaje?

"Fundi, usinielewe vibaya," mpishi akasema. "Nilikuwa nazuia jasho lisidondokee tunda. Wageni watakula hili."

"Wewe nyamaza kwanza. Huyu ndiye ninayemtaka." Nikamgeukia. "Nani kakufundisha?"

"Wewe," akasema. "Kila siku nakaa mbele yako."

"Na tikiti langu liko wapi?"

Mpishi akatazama rafu ya chini. Nikainama, nikafunua kitambaa. Lilikuwepo, jinsi nilivyolipeleka, na machoni pangu lilikuwa zuri, jekundu na jeupe vikiingiliana.

"Mnalifanyaje baadaye?"

"Tunalikata vipande," mpishi akasema kwa sauti ndogo. "Linaingia kwenye bakuli la matunda."

Nilitaka kumpiga nalo mume wangu kichwani. Nililinyanyua kabisa. Lakini mikono ilipolishika, kidole gumba kikapita juu ya petali ya kwanza, na kikasimama. Ukingo wake ulikuwa mara mbili. Nikagusa ya pili, mara mbili pia. Ya tatu ilikuwa inaning'inia kwa uzi. Nilikuwa nimekata kila petali, sikuuona mkato, nikaikata tena pembeni yake. Macho yangu yaliniambia waridi. Kidole kiliniambia kitu kilichotafunwa.

Nikaliweka chini. Nikakalia ndoo.

"Nilikuambia," mume wangu akasema. "Mara tatu. Ya kwanza ukasema ni taa. Ya pili ukasema ni kisu. Ya tatu ukaniambia nikaoe mwenye macho mazuri, na ukanuna wiki nzima."

Hiyo ya tatu niliikumbuka. Mimi niliihesabu katika dalili za kwamba ananichoka.

"Kwa hiyo ukaamua kunidanganya."

"Nilifikiri ni mara moja tu. Kuna kazi ililalamikiwa. Mwenyewe alikuwa na hasira, na wewe ulikuwa jikoni unaimba. Nikashindwa kukuambia. Wiki iliyofuata nikajaribu kurekebisha petali mbili tatu hapa hapa, kabla wageni hawajaingia. Baadaye ikawa tikiti zima."

"Kazi gani ililalamikiwa?"

Mpishi akasema ana vitunguu vyake nje, akatoka, na vivuli vya miguu yake vikabaki chini ya mlango.

"Ya mama aliyelia," mume wangu akasema.

Nilimwambia anisomee ule ujumbe. Akasema umeshapita. Nikamwambia asome, na asome kama ulivyoandikwa, akiruka neno moja tu nitajua, na nikijua naondoka. Sikuwa natishia tu. Ningeondoka kweli.

Akaifuta mikono, akatoa simu, akautafuta. Akasoma: "Fundi, mama alipoyaona matunda yako alilia. Alilia kwa aibu. Mashoga zake walikuwa wanayachekea. Tulikuamini kwa sababu ya sifa zako. Kama umeichoka kazi, ni heri uwaambie watu."

Aliusoma mpaka nukta. Kwa miezi minne nililala na sentensi ile ya kwanza nikiwa nimeikumbatia, kumbe zile nyingine zilibaki kwake peke yake. Nilimchukia kwa hilo. Nilimpenda kwa hilo hilo, na nikamchukia tena kwa kunifanya nimpende wakati nina hasira. Nikalia, safari hii bila kelele.

Kutoka ukumbini tulisikia viti vinapangwa. Wale wazee walikuwa wanakuja, na hawakuwa na kosa lolote katika mambo yetu.

"Umebakiza mangapi?" nikamuuliza.

"Moja na nusu."

"Maliza."

Akakaa kwenye kreti yake. Nami nikavuta ndoo karibu, nikawa namshikia tikiti lisizunguke. Alichonga huku anapumua kwa mdomo, kama anavyofanya akifungua saa ndogo za kike. Anachukua muda mrefu mno kwenye petali za ndani. Anaogopa kisu. Nikapitisha kidole gumba juu ya waridi la nne, nikamwambia petali ya tatu ni nene, itakunjamana kabla hotuba hazijaisha. Akaipunguza. Nikamwambia tumba lake halina mdomo, limenuna. Akacheka kidogo, akalirekebisha. Lilipomalizika, nililigusa lote, kuanzia juu hadi chini. Nilitafuta kosa kwa nia mbaya kabisa, nikapata mawili tu.

"Ni zuri," nikasema. Neno hilo lilinigharimu.

Mpishi akaingia bila kuitwa, akalibeba. Tukabaki wawili na maganda yetu sakafuni.

"Jumatatu nakwenda kupima macho," nikasema.

"Nitakusindikiza."

"Nisindikize. Ila zile herufi za ukutani nitazisoma mwenyewe. Nikikosea, nimekosea. Usije ukaninong'oneza hata moja."

"Sawa."

Aliisema ile sawa haraka mno. Tulikuwa tumesimama karibu, vifua vinakaribia kugusana, na uso wake ulikuwa ukungu mtupu. Sikuweza kujua kama anadanganya. Nikarudi nyuma hatua mbili ili nimkague vizuri, na ndipo nikaona kwamba mwenzangu alikuwa analia, na kwa jinsi kola ilivyolowa, alikuwa ameanza kitambo.