Safu ya Kulia

"Faux," nilisema. "Kaa."

Déborah alikaa. Darasa zima likapiga ile "Hooo!" ndefu ambayo watoto wa huku humpigia aliyekosea, nami sikuwanyamazisha, maana niliona wananisaidia. Nikarudi kwenye fiche yangu ya somo, nikaweka kidole pale nilipoachia, nikauliza swali lililofuata. Hakuna aliyeinua mkono.

Ilikuwa Alhamisi, siku yangu ya nne ya stage, yale mazoezi ya kufundisha, katika darasa la nane la shule moja mjini Kisangani. Wanafunzi sitini na wawili, madawati ishirini, na mimi, Orpha, mwenye miaka ishirini na mbili, nimevaa sketi ya dada yangu ili nionekane mtu mzima. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, alikaa Papa Augustin, mwalimu mwenye darasa. Alikuwa na karanga mfukoni na bic nyekundu mkononi, na ile bic ilikuwa inaandika.

Nieleze fiche ni nini, kwa sababu mambo yote yalitoka humo. Ni karatasi ambayo mwanafunzi wa ualimu haingii darasani bila hiyo. Imegawanywa safu mbili. Safu ya kushoto unaandika maswali utakayouliza. Safu ya kulia unaandika majibu watakayotoa wanafunzi. Ndiyo, majibu yao, wao wenyewe wakiwa bado nyumbani wanakunywa chai. Hakuna aliyelishangaa jambo hilo chuoni. Tena wengi hatukujisumbua kuyabuni. Tulinakili fiche za waliotutangulia. Zangu zilikuwa za rafiki yangu Vicky, aliyepata kumi na saba kwa ishirini, naye alizitoa kwa mwingine.

Somo lilikuwa jinsi samaki anavyopumua. Kushoto: "Tukimtoa samaki majini, nini kitatokea?" Kulia: "Atakufa palepale." Niliuliza. Déborah akasimama, msichana mrefu mwenye sare iliyofupika mikono, akasema, "Madame, iko depende na samaki. Ngolo haikufe."

Nilitazama safu ya kulia. Hapakuwa na ngolo.

Mimi ni mtoto wa milima. Nilizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, na baba yangu alihamishiwa Kisangani kikazi nikiwa tayari msichana mkubwa. Samaki niliyemjua vizuri alikuwa mkavu, amefungwa kwenye gazeti. Ngolo, yule kambare mweusi mwenye masharubu, nilikuwa nimemla mara nyingi kwenye mchuzi, lakini kumla samaki si kumjua.

Kengele ilipolia, Papa Augustin alisubiri watoto watoke. Hakunionyesha alichoandika.

"Orpha, ulishaka kushika ngolo?"

"Hapana, Papa."

"Basi ulijua namna gani kama ni faux?"

"Iko ku fiche, Papa."

"Ah bon," alisema, akavunja karanga. "Fiche nayo ilishaka kushika ngolo?"

Niliikunja fiche mikononi. Alinieleza basi, bila kupandisha sauti, kwamba somo langu la mwisho lingekuwa Alhamisi ijayo, mbele yake na mbele ya profesa kutoka chuoni. Alitaka nirudie somo lilelile, kwa watoto walewale. "Batoto wakinyamaza vile wamenyamaza leo, siwezi kukupatia points. Utarudilia mwaka." Akafunga daftari lake. "Mama ya Déborah iko nauzisha ngolo kule Lubunga, ng'ambo ya mto. Sijasema kitu. Nimesema tu."

Nilitembea hadi nyumbani nimemkasirikia mzee wa watu kana kwamba yeye ndiye aliyesema faux. Nilimlaumu yeye, nikamlaumu Vicky, nikawalaumu ngolo wote wa mto Kongo.

Ijumaa ilinifundisha adabu. Niliingia, wakasimama, wakaimba "Bonjour Madame" vizuri kama siku zote. Nikauliza, "Mumesikia?" Wakajibu, "Oui, Madame!" kwa sauti moja. Nikauliza swali la kweli, wakatazama meza. Yule aliyekuwa akiinua mkono mara nyingi kuliko wote alikuwa Déborah, na wengine walikuwa wakimfuata. Sasa alikuwa amekalia mikono yake. Niliona waziwazi. Alikuwa ameiweka chini ya mapaja, huku akinitazama kwa heshima kabisa. Mtoto akikudharau unaweza kumfukuza nje. Mtoto akikuheshimu namna ile utamfanya nini?

Jumamosi asubuhi nilishuka mtoni. Tangu tuhamie Kisangani sikuwa nimevuka kwenda ng'ambo hata mara moja, kwa sababu ya woga tu, na nyumbani walikuwa wakinitania kwa hilo. Mtumbwi ulikuwa umejaa mabidoni matupu ya mafuta na akina mama waliokuwa wanarudi kutoka sokoni. Nilipoweka mguu wa kwanza ukayumba, nikasema mwenyewe kwa sauti, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," na mama mmoja akanijibu kwa Lingala kwamba kuoga ni kwangu, wao wanataka kufika wakavu. Walicheka mpaka katikati ya mto. Mimi nilishika ubao na kufumba macho.

Haikuwa vigumu kumpata Mama Marie-Jeanne, mama yake Déborah. Watu wa familia yake walitoka Yanonge, wavuvi tangu zamani, na kila mtu kwenye kivuko alimjua. Alikuwa amekaa chini ya kibati chake, mbele yake beseni kubwa la plastiki. Ndani ya beseni mlikuwa na ngolo saba, na hamkuwa na maji. Unyevu tu kwenye ngozi zao. Nilichuchumaa. Kila baada ya muda mmoja wao alifumbua mdomo, akameza hewa, akafumba.

"Hawa waliwatoa ku maji saa ngapi, Mama?"

"Saa kumi na mbili ya asubuhi."

Ilikuwa inakaribia saa sita za mchana. Nilihisi joto likinipanda masikioni.

Déborah alitokea nyuma ya nyumba na kisu mkononi na utelezi wa samaki hadi kwenye viwiko. Aliponiona akasimama palepale. Huku mwalimu haji nyumbani ila kwa mashtaka.

"Madame, nilifanya nini?"

"Hakuna. Nimekuja unifundishe ngolo."

Alimtazama mama yake. Mama Marie-Jeanne aliingiza mkono kwenye beseni, akatoa ngolo mmoja, akanitupia mapajani. Nilimkamata kama mtu anavyokamata mkate. Ana miba miwili migumu kando ya kichwa, yule mdudu, mmoja ukaniingia kwenye kiganja, nikapiga ukelele uliosikika hadi mtoni. Déborah alicheka. Alicheka kwa nguvu hadi akaweka kisu chini, nami, damu ikinichuruzika, nikajikuta nafurahi kuliko siku zote tangu stage ianze.

Alinionyesha namna ya kumshika, vidole nyuma ya miba, bila kumuogopa. Alifunua kifuniko cha matamvua, nikayaona mekundu, na juu yake kitu kingine kilichojikunjakunja, kama uyoga mdogo. "Ile ndiyo iko nakamatia mupepe," alisema. "Ku mvua kubwa iko natembea ata ku majani." Niliuliza maswali, akajibu. Nilirudia kuuliza. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nauliza jambo nisilolijua.

Nilipoinuka kuaga nikamwambia, "Déborah, juzi nilikosea. Unisamehe."

Yeye aliinamisha kichwa. Ni mama yake aliyejibu, bila ukali, huku akiwanyunyizia maji samaki wake. "Hapa muko babili tu, Madame. Kule ku classe batu walikuwa wangapi?"

Hapo ndipo penye kazi. Vicky, nilipomsimulia Jumapili baada ya ibada, alishika kichwa. "Orpha, mwalimu hakosaki mbele ya jury, mbele ya profesa! Omba musamaha stage ikiisha. Fundisha fiche, upate points zako, umalize." Aliniambia hivyo kwa kunipenda, na hakuwa mjinga. Kila mtu alijua jinsi profesa yule alivyokuwa akipima: utulivu wa mwalimu, mamlaka ya mwalimu, fiche iliyokamilika. Siku tatu niliandika fiche mpya na kuichana. Jumatano jioni nikaandika maswali yote ya kushoto kwa mwandiko safi. Safu ya kulia nikaiacha tupu.

Alhamisi profesa alikaa karibu na Papa Augustin, akaipokea fiche yangu, akaigeuza upande wa pili, akaona nako hakuna kitu, akainua nyusi. Déborah alikuwa amekuja na ndoo yenye kifuniko. Tulikuwa tumekubaliana ndoo tu. Yale mengine sikuwa nimemwambia.

Nilishika ukingo wa meza.

"Wiki iliyopita," nilisema, "Déborah aliniambia ngolo hafi palepale akitolewa majini. Mimi nikamwambia faux, nanyi mkamzomea. Sikuwa nimewahi kushika ngolo. Déborah alikuwa na haki. Faux ilikuwa yangu."

Nilisikia bic za nyuma zikiandika, zote mbili. Nilijiambia, basi, mwaka umekwenda. Nikamwita Déborah mbele.

Alitoka na ndoo yake, akafunua, akamtoa ngolo na kumwinua juu darasa zima limwone, mweusi, masharubu yakitikisika, amekaa bila maji tangu alfajiri. Nikafungua mdomo niulize swali la kwanza. Déborah akanitangulia. Hakuwa amegeukia kwangu. Alikuwa amewageukia wenzake.

"Un ban kwa Madame!"

Lazima mjue kwamba ban, yale makofi ya pamoja ya kumsifu aliyejibu vizuri, huitishwa na mwalimu peke yake. Mwanafunzi haitishi. Wala mwalimu hapigiwi. Darasa lilisita kidogo tu. Kisha mikono mia moja na ishirini na kitu ikapiga: makofi matatu, kituo, makofi matatu, kituo, na moja kubwa la mwisho lililomshtua ngolo hadi akamponyoka Déborah na kuanguka sakafuni. Akaanza kutambaa kuelekea mlangoni kwa viwiko vyake vya miba, mbele ya profesa wa chuo, huku akimeza hewa.

Hapo nani tena angenyamaza? Mikono ilikuwa mingi nisijue nimpe nani. Mmoja alisema nzombo, yule kamongo, naye hujizika kwenye matope. Mwingine aliuliza kama ngolo anaweza kuzama, na darasa likacheka, halafu likagundua kwamba hakuna anayejua jibu. Mimi pia sikulijua, nikasema hivyo. Profesa alinipunguzia alama tano kwa safu tupu. Nilipata kumi na tatu. Nilifaulu.

Papa Augustin alinipa ukurasa alioandika ile Alhamisi ya kwanza, ameukunja mara nne. Ulikuwa na sentensi moja: "Anaogopa, tumpe wiki." Ninao hadi leo. Nilimwambia "aksanti, Papa," naye akanipa karanga.

Sasa ni miaka sita. Nina darasa langu la nane, na nimekuwa mimi ninayekaa nyuma karibu na dirisha. Mwezi uliopita nililetewa kijana wa stage, Héritier, shati limepigwa pasi mpaka linakata, fiche yake imejaa safu zote mbili. Alifundisha kuhusu mvua. Mtoto mmoja wa kiume akatoa jibu ambalo halikuwa popote kwenye karatasi ile. Nilimwona Héritier akitazama kulia kwa fiche, akitafuta. Kisha akanitazama mimi.

Nilimkumbuka Déborah, ambaye siku hizi yuko mwaka wa pili wa uuguzi na bado hunisalimia kwa jina la samaki. Nilimkumbuka mama yake. Nilitamani sana kumwambia yule kijana la kufanya, lakini nikageuka nikatazama dirishani, na kumeza maneno yangu yote.

Halafu nikasikia karatasi ikiwekwa mezani.

"Wewe," sauti ya Héritier ilisema. "Ulijua namna gani? Tuelezee."

Chini ya meza, kwenye paja langu, nilipiga makofi matatu kwa vidole.