Beji ya Ogutu

Wangu hakuwa mwanamke wa kukaa na kitu kichafu nyumbani. Hata mbuzi wake pale Mutuini walipigwa brashi, na majirani walimcheka kwa hilo. Basi alipoikuta beji ya baba yake, mzee Ephantus, mzimamoto mstaafu, ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo, nyeusi hadi nembo haionekani, aliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Wazimamoto wa jiji walikuwa wanaadhimisha historia ya kikosi chao, na wastaafu walialikwa kituoni wakiwa na beji zao za zamani. Mzee alishasema haendi. Wangu akajiambia kwamba baba anaona haya kuvaa kitu kama kile. Akaipeleka mjini kimyakimya, kwa sonara mmoja aitwaye Viraj, aisugue na kuizungushia ukingo wa fedha iwe pambo. Viraj aliuliza mara mbili kama ana hakika, maana vitu vingine weusi wake ndio umri wake. Wangu akamwambia asugue tu. Usilolijua ni usiku wa giza.

Jumapili, mzee akiwa tayari amevaa shati lake jeupe la kanisani, Wangu alimwekea beji mezani kando ya chai. Mashoka mawili na mwali wa moto wa nembo vilimeremeta.

Mzee alikitua kikombe. Kisha akamweleza kwamba beji ile haikuwa yake. Yake aliirudisha siku ya kustaafu. Hii ilikuwa ya Ogutu, rafiki yake, aliyeingia naye katika ghala lililokuwa linawaka asitoke hai. Ephantus ndiye aliyemburuta nje na kumbandua beji kifuani. Weusi ule ulikuwa masizi ya moto ule. Miaka yote alikuwa akifungua mkebe na kuigusa, kidole kikitoka cheusi anajua hajamsahau mwenzake.

Wangu alinyong'onyea. Angeweza angerudi mbio kwa Viraj kuokota vumbi lile kwenye kitambaa chake. Alimwomba baba msamaha huku machozi yakimtoka, na mzee hakumwambia amemsamehe wala hajamsamehe.

Badala yake alianza kusimulia habari za gwaride la asubuhi enzi zao kikosini, jinsi afande alivyopita mbele yao akichungulia beji moja moja. Ya Ogutu iling'aa kushinda zote, ilhali hakuna aliyemshinda Ogutu kwa uvivu. Hapo mzee akaigeuza beji ghafla. Huko nyuma, kuzunguka pini, sonara hakuwa amegusa. Palikuwa peusi tititi.

"Afande alikuwa anakagua mbele pekee," mzee alisema polepole. "Ogutu hakuwahi kusugua nyuma. Hata siku moja."

Akapitisha kidole, kikatoka cheusi.

"Nivalishe, Wangu. Halafu unipeleke huko kituoni."

Wangu aliishika beji kwa kingo zake, akiogopa kugusa nyuma, akamfungia baba kifuani. Pini ilipopenya, masizi yaliacha doa kwenye shati jeupe. Wangu aliliona vizuri kabisa. Akamshika baba mkono, wakatoka.