Mwanamume Aliyezibwa

Tumbo la mzee Eliakim, Meku kama walivyomwita kwa Kichagga, lilikuwa limevimba mpaka blanketi la wodi likapata kilele. Watu wa Machame waliokwenda kumwona walirudi wakiapa kwamba ukilipiga konzi lile tumbo, watu wa Boma la Ng'ombe kule chini wanafungua milango wakidhani ngoma imeanza. Ruth, mkewe, hakucheka. Alikaa kwenye stuli kando ya kitanda, bakuli la mtori wa ndizi likipoa mapajani, akimtazama mzee wake anavyokufa kwa ukaidi.

Mzee alianguka kwenye mfereji wa kihamba, shamba lake la migomba, akavunjika paja. Hospitalini, Moshi mjini, walimlaza chali, mguu wakauning'iniza kwa kamba na mawe ya uzito, wakamwambia asibanduke hapo mpaka mfupa ushike. Mfupa haukuwa na neno. Neno lilikuwa kwamba tangu alazwe hajapata choo, na sasa hata uji anaukataa.

Kila asubuhi nesi mmoja mwenye sauti ya mnadani alipita na bedpani, chombo cha haja cha kitandani, akaigonga kwenye chuma cha kitanda.

"Babu! Choo leo tunapata au tunagoma?"

Wodi nzima ya wanaume ikacheka. Meku akageuza uso ukutani. "Mimi sina mambo hayo."

Nesi akaenda zake. Lakini Ruth alilisikia lile neno, sina mambo hayo, likamshuka mgongoni kama maji ya mlimani.

Maana yeye alijua. Alipokuwa mwali, bibi zake walimfungia ndani wakamfunda: mwanamume wa Kichagga akishatahiriwa huzibwa nyuma, haendi chooni tena mpaka kufa. Ndivyo wanaume wa zamani walivyoapishwa kuwaambia wanawake. Wale bibi walicheka mpaka khanga zikawadondoka, halafu wakakunja nyuso. "Ni uongo, na utauheshimu. Ukimwona anaingia migombani na jani mkononi, wewe nenda katafute kuni. Siku utakayomwonyesha kwamba unajua, umemvua nguo mbele ya ukoo."

Ubatizo ulimfutia Eliakim mengi, hata jina alilozaliwa nalo, lakini kiapo hicho haukukigusa. Na Ruth, kwa ndoa nzima, alitafuta kuni nyingi kuliko zilizowahi kuota mlimani. Sasa mzee hana mgomba wa kujifichia, na wanaomletea chombo ni wasichana.

Mchana daktari akaja, akabonyeza tumbo, mzee akauma mto.

"Huenda utumbo umejisokota. Jioni tunampasua." Kisha akashusha sauti. "Kwa umri huu na kifua hiki, mama, mwite na mchungaji."

Ruth akatoka, akashika ukuta wa koridoo. Akinyamaza, anamzika. Akisema, anamzika vilevile, tena akiwa anapumua.

Hapo ndipo alipomkuta Nesi Theopista, binti wa Bukoba aliyeingia zamu siku hiyo.

"Shikamoo mama. Umekula?"

"Marahaba. Nile nini, mwanangu?"

"Huyu baba akiwa nyumbani anapenda nini? Anachukia nini? Kwenye faili nimeandikiwa mguu na tumbo. Mwenye mguu mwenyewe simjui."

Ruth akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Mume wangu haendi chooni."

"Tangu alazwe. Najua."

"Hapana. Hajawahi kwenda."

Theopista alitaka kucheka. Akauona uso wa Ruth, kicheko kikarudi kilikotoka. "Hajawahi, mbele ya macho yako?"

"Ya mwanamke yeyote." Ruth sasa alikuwa analia. "Na mimi sijui kitu. Umenisikia? Sijui kitu mpaka naingia kaburini."

Theopista akaenda kwa daktari. Nyuma ya mlango sauti zikapanda. "Mila na utumbo wapi na wapi, sista?" "Nipe mpaka jioni tu, daktari. Ikishindikana, pasua."

Hakumwendea mzee na bedpani. Alizungusha pazia, akamtuma yule wa sauti ya mnadani wodi nyingine, akamwita Antoni, mhudumu wa makamo, Mchagga wa Kibosho, aliyekuwa akisukuma machela. Kisha akainama.

"Shikamoo, meku. Hapa kuna kazi ya wanaume, sisi tunatoka. Antoni atabaki nawe. Mama anakwenda kusimama getini, utamwona dirishani."

Ruth akasimama getini juani, mgongo ameupa wodi. Akamwomba Mungu kwa Kichagga, akimwita Ruwa, akamwomba kwa Kiswahili, akamwahidi mbuzi, halafu akakumbuka yeye ni Mlutheri akabadilisha ahadi ikawa kuimba kwaya. Mara dirishani kikatoka kilio kikubwa cha mzee. Kisha kimya. Basi, ameondoka, Ruth akawaza. Kila mfupa wake ulitaka kugeuka. Hakugeuka.

Alisimama hivyo mpaka Antoni akaja kumgusa bega. "Bibi, anakuita."

Madirisha yote ya wodi yalikuwa wazi. Blanketi lilikuwa limelala. Meku alikuwa ameloa jasho, macho yamezama, sauti kama ya kifaranga.

"Wamenitoa upepo," alisema. "Ule mguu ukining'inizwa unaingiza upepo tumboni."

"Pole, Baba Daniel. Upepo ni mbaya."

Akamtazama mkewe. "Yule nesi. Nani alimwambia awatoe wanawake?"

Ruth akalichukua bakuli. "Kwani walitolewa? Mimi nilikuwa getini."

Mtori ulikuwa umeshaganda utando juu. Ruth akautoboa kwa kijiko, akachota, akangoja. Baadaye kidogo mzee akafungua mdomo.