Dafodili za Rozina Haziondoki Hapa

Asubuhi ile Medard, shemeji yake Rozina, aliamka na njaa. Mimi nilikuwa bafuni nafua, na Rozina alikuwa juu kwenye paa anachanganya udongo. Hakutuuliza. Alifungua friji, akatoa mayai, akaona kwenye droo ya chini mfuko wa karatasi umejaa vitu vya mviringo vyenye maganda ya kahawia. Akakata vitatu, akavikaanga na mayai yake, akala.

Havikuwa vitunguu. Yalikuwa matunguu ya dafodili, maua ya Rozina, na dafodili ni sumu kuanzia tunguu hadi jani.

Kabla sijasema yaliyompata, niseme sisi ni nani. Mimi ni Melania, mtu wa Bukoba, nanunua nguo za watoto za kuuza nyumbani. Rozina ni mtu wa Karatu, ameolewa Moshi na Kasmir. Tunapanga pamoja hapa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, China, ghorofa ya juu kabisa kwenye jengo lisilo na lifti, na faida yake ni moja tu: mlango wa paa uko kichwani petu. Mwenye nyumba, Mama Liang, alituruhusu kulitumia paa mradi maji yasidondokee nguo za watu wa chini. Rozina hununua vitambaa vya mapazia kule soko la Zhongda na kuvituma Moshi, ambako Kasmir anaendesha duka. Wameoana muda mrefu na hawana mtoto. Hilo ndilo watu wa ukweni kwake wanaloliona kwanza wakimtazama.

Dafodili alizikuta kwenye simu, akitafuta pazia la njano. Hazikuwa zile za kawaida zenye kikombe katikati. Hizi walizoziita za dabo zilikuwa zimejaa petali hadi huoni katikati yake, kama gauni la mtoto wa komunyo ya kwanza. Akaagiza. Mwaka ule wa kwanza alizipanda kwenye ndoo za rangi alizozitoboa chini. Mama Liang alipanda ngazi kuja kuangalia, akatingisha kichwa.

"Bu xing," akasema. Haifai. Neno hilo tunalijua wote, ndilo analokujibu mwenye duka ukimwomba apunguze bei. Yeye Mama Liang kila mwaka mpya wa Kichina huotesha maua ya narsisi ya kwao, meupe, kwenye bakuli la maji na kokoto. Akamwambia Rozina aoteshe hayo, kwa sababu Guangzhou ni joto na ua la baridi halitakubali.

Na kweli halikukubali. Majani yalitoka mazuri, machipukizi ya maua yakatoka, yakanenepa, halafu yakakauka yakiwa yamefungwa. Ukiyabonyeza yanavunjika kama majani ya chai. Mama Liang alipoona akarudia neno lake.

"Nani kasema haifai?" Rozina aliniambia tukishuka. Alikuwa amekasirika kweli, mishipa ya shingo imemsimama. "Mimi ndiye sijajua. Ni vitu viwili tofauti."

Aliyemfundisha ni Humphrey, kijana wa Mbeya anayesomea shahada ya uzamivu ya mimea hapa mjini, ambaye jumuiya yetu ikikutana sebuleni kwetu huja kusali na kula ugali. Alipasua chipukizi moja kavu kwa kucha, akatuonyesha petali zilizobanana ndani.

"Dada Rozina, ua la dabo lina kazi kubwa kuliko ua la kawaida," alisema. "Lina petali nyingi za kujaza, kwa hiyo linataka maji muda wote. Udongo ukikauka siku moja tu, au joto likipanda ghafla, linakata tamaa. Halafu kuna jambo la kabla ya hapo. Tunguu lazima lihisi baridi ndefu ndipo shina lirefuke vizuri. Hapa baridi hiyo hakuna. Itabidi uitengeneze."

"Niitengeneze wapi?"

Humphrey akatazama friji yetu. Mimi nikajua nimekwisha.

Ndiyo maana mwaka uliofuata, kuanzia Oktoba, droo ya chini ikawa ya matunguu. Na matunda yakapigwa marufuku, kwa sababu Humphrey alisema tunda linaloiva hutoa hewa inayoua ua likiwa bado changa ndani ya tunguu. Msimu mzima nilikula ndizi zilizolala juu ya kabati, laini kama uji.

Januari ndipo alipokuja Medard, kaka mkubwa wa Kasmir na ndiye msemaji wa ukoo. Alisema anataka kujifunza biashara. Hoteli za bei nafuu zimejaa mtaani kwetu, lakini shemeji halali hotelini wakati nyumba ipo, kwa hiyo tukamtandikia sebuleni. Rozina alimtembeza Zhongda akamtambulisha kwa wenye maduka wake mmoja mmoja, akampeleka hadi mtaa wa Yide Lu kuona vifaa vya shule. Medard alikuwa mtu wa shukrani na maneno laini. Kila jina la duka aliliandika kwenye simu.

Jumapili jumuiya ilipokutana, mazungumzo yaliangukia maua. Mtu mmoja aliuliza petali zote zile hutoka wapi. Humphrey akaeleza kwamba kwenye ua la dabo, zile nyuzi za katikati zinazobeba chavua zimegeuka kuwa petali. Ndiyo maana ni nadra kulikuta lina mbegu. Huongezeka chini ya udongo, tunguu likijigawa.

Medard akacheka. "Kumbe shemeji umechagua ua la kufanana nawe. Linapendeza, lakini halizai."

Nilitaka ardhi ipasuke immeze, au inimeze mimi. Rozina aliweka chini bakuli la mboga alilokuwa anapitisha.

"Limeshaota dunia nzima bila kukuomba ruhusa, shemeji," akasema. "Pokea mboga."

Watu walipoondoka ndipo Medard alipotoa alichotumwa. Alinitaka niwapishe, Rozina akasema, "Melania anakaa hapa hapa, hapa ni kwake." Basi nikasikia yote. Ukoo ulikuwa umekaa kikao. Wameona mwanamke hawezi kukaa China miaka nenda rudi huku nyumba ya mumewe iko kimya. Rozina arudi Moshi, atulie, aombewe. Kazi ya kununua ataichukua Medard, kwa kuwa sasa maduka anayajua.

"Kasmir anasemaje?" Rozina aliuliza.

"Kasmir ni mdogo wangu. Anasema tunachosema."

"Basi aniambie yeye."

"Shemeji, usiwe mkaidi."

"Nimeshakuwa," alijibu, akaenda kulala.

Asubuhi yake ndipo Medard alipokaanga mayai.

Nilimkuta ameshika sinki kwa mikono miwili, anatapika, mate yanamtoka, analalamika mdomo unawaka kama ameguswa na upupu. Nikaona maganda kwenye ubao wa kukatia. Nilipiga kelele hadi Rozina akashuka kutoka paani na udongo mikononi. Hakuuliza hata swali. Alichukua ganda moja, akalifunga kwenye mfuko ili daktari alione, akamshika shemeji yake kwapani, tukamteremsha ngazi zote zile yeye akitapika kila kona. Kwenye teksi Rozina alimshikia mfuko mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

Hospitali walimtundikia maji, wakamwangalia moyo, wakasema ana bahati amekula kidogo na amewahishwa. Mchana ulipogeuka alikuwa ameshaketi, anaomba soda. Rozina alikwenda kumnunulia. Aliporudi nayo, alimkuta Medard na simu sikioni, akisema kwa sauti ya mgonjwa: "Ndiyo, Mama. Kwenye friji ya Rozina. Jana nimempa ujumbe wenu, leo nimekula sumu. Wewe mwenyewe pima."

Rozina alisimama mlangoni na ile soda. Kisha akaingia, akamfungulia, akampa.

Jioni Medard alihamia hotelini. Jumamosi ukoo ukapiga simu ya video. Walikuwa wamejaa kwenye skrini, mbele ya duka la Kasmir: mama mkwe, baba wadogo, mawifi, na Kasmir pembeni, nusu ya uso wake imekatwa. Medard naye aliunganishwa kutoka hotelini. Rozina aliipokea simu juu ya paa, akaiegemeza kwenye ndoo. Siku hiyo alikuwa anapanda matunguu yaliyobaki, na hakuacha.

"Shikamoo Mama," alisema. "Shikamooni nyote."

Mama mkwe hakuitikia. Baba mdogo mmoja ndiye aliyesoma hukumu. Rozina aombe radhi kwa kumlisha sumu kaka wa mumewe. Hayo maua ya sumu ayatupe leo leo, wakiona. Halafu afungashe arudi.

Rozina alifuta mikono kwenye sketi.

"Sikumlisha. Alijilisha. Alifungua friji isiyo yake akakata asichokijua, na mimi ndiye niliyemshusha ngazi na kumpeleka hospitali. Shemeji Medard yupo, anasikia. Akane."

Medard alikohoa. Hakukana.

"Radhi siombi," Rozina aliendelea. "Maua sitatupa. Angalieni, napanda." Akalichukua tunguu moja, akalionyesha kwenye kamera, akalisukuma kwenye udongo hadi kiganja kikazama. "Na Moshi sirudi kwa kuitwa kama mtoto aliyepotelea dukani. Duka hilo mnalokaa mbele yake linaishi kwa mapazia ninayochagua kwa mikono hii."

"Mwanamke gani anaacha kutafuta mtoto akalea maua!" mama mkwe alisema kwa uchungu.

"Mama, mtoto nimemtafuta. Nimepimwa Moshi, nimepimwa Dar, nimepimwa hapa. Kila daktari aliniambia niende na mwenzangu." Alisogea hadi uso wake ukajaa kwenye skrini. "Muulizeni Kasmir amepimwa wapi."

Kasmir aliinama, ile nusu ya uso nayo ikapotea. Kisha mtu akakata simu.

Nilifikiri atalia. Alichukua kopo akamwagilia.

Medard aliondoka kabla ya mwaka mpya wa Kichina. Kasmir hakupiga simu, na Rozina hakumpigia. Baadhi ya watu wa jumuiya walimshauri apunguze ukali, ndoa ni uvumilivu. Aliwasikiliza, akawakaribisha chai, akabaki vilevile. Ila niseme ukweli, kuna mara nilimkuta paani amekaa juu ya ndoo tupu, macho mekundu, akigusa udongo kuona kama unyevu umebaki. Alikuwa akimwagilia kidogo kidogo, asubuhi na jioni, na jua likiwa kali ndoo alizihamishia kivulini mwa tangi la maji. Nilimsaidia kubeba. Zile ndoo ni nzito.

Mwanzoni mwa Machi machipukizi yalinenepa. Kadhaa yalikauka kama mwaka uliopita. Mengine yalipasuka. Kwanza ulionekana mstari wa njano, kesho yake ua likafunguka lote, petali juu ya petali, zingine za rangi ya kiini cha yai. Halafu mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi tukayakuta yamelala chini kifudifudi, kwa sababu ua la dabo hunywa maji kama sponji na shina linashindwa. Rozina alishuka mbio, akarudi na kifurushi cha vijiti vya kulia chakula, akayainua moja moja na kuyafunga kwa nyuzi za pazia.

Mama Liang alileta majirani zake wawili kuyaona. Alinusa, akapiga picha nyingi, akakubali kwamba ni mazuri. Kisha akasema kwa ishara na Kichina cha polepole kwamba mwakani hayatarudi, tunguu likishachanua kwenye joto hili limechoka.

"Najua," Rozina alimjibu. "Nitapanda mengine."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Mama Liang alimtazama, akacheka hadi akashika mbavu, akampiga begani.

Kasmir alipiga simu mwezi ule ule. Mimi nilikuwa napika, Rozina akaweka sauti ya nje kwa kuwa alikuwa anakunja vitambaa vya sampuli.

"Nimekwenda kupima," Kasmir alisema. "Rozina, ni mimi. Daktari anasema ni mimi. Nisamehe."

Rozina aliacha kukunja. Alikaa chini palepale sakafuni, mgongo ukutani. Nilizima jiko nikataka kutoka, akanionyesha kwa mkono nibaki.

"Pole, mume wangu," akasema, na alimaanisha. "Mimi nakusamehe. Lakini sikutukanwa chumbani. Nilitukanwa mbele ya ukoo mzima. Waite wote kama mlivyoniita mimi, uwaambie."

"Rozina, Mama ataumia. Na mimi nitauweka wapi uso?"

"Mimi wangu nimeuweka hapa hapa miaka yote. Waite."

Kasmir alikata. Siku zilipita, nikaamini ndiyo basi. Lakini alikuwa mwanamume kuliko nilivyomdhania. Jumamosi simu ya video iliingia, wamejaa kama mwanzo, na safari hii yeye amekaa katikati. Alisema kwa maneno machache, sauti ikikatika, bila kumsingizia mtu. Alisema pia kwamba mnunuzi wa duka lake ni mkewe na atabaki kuwa mkewe. Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga. Kisha akasema, "Mwanangu Rozina, hujambo?"

"Sijambo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Medard alikuwepo nyuma, amesimama. Alifungua mdomo kuanza kitu kuhusu kutoelewana na mambo ya kifamilia kumalizwa kwa busara. Rozina alimwacha afike katikati.

"Shemeji, utanisamehe, Zhongda wanafunga na nina mtu ananisubiri na kitambaa cha kijani. Kasmir, tafuta pasipoti uje huku. Safari hii maduka nitakuonyesha wewe."

Akachukua begi na mwavuli, akatoka, na hatua zake nikazisikia zikishuka ngazi hadi chini kabisa.